Tahadhari wenye vyombo vya baharini: yule muuza plaiwudi ya kuchemsha

Assalaam alaykum. Wiki tatu nimekaa kimya kwa aibu. Leo basi, nichekeni, lakini asiingie mwengine kwenye mtego wa muuza plaiwudi aliyenitapeli.

Chombo changu ni boti ya kupandishia wageni, iliyokuwa ya Mfaransa mmoja. Mwili ni faiba wa mwaka 1979, mzima kabisa. Kilichooza ni kebini, chumba cha ndani. Kuta zilivishwa ngozi ya plastiki yenye sponji nyuma, na sponji la miaka arubaini na kitu kwa joto letu linageuka unga wa njano unaonata. Ukigusa linakumwagikia kichwani. Mie na mpwa wangu tulikwangua siku kumi na moja, vitambaa usoni, tunakohoa kama mbuzi. Chini ya madirisha, pale mpira ulipokufa maji yakapenya, plaiwudi ya zamani ilikuwa inabanduka kwa kidole. Nikasema navua zote, naweka mpya, natia vanishi, kebini ing'are kabla ya wageni wa Julai.

Ndo nikaelekezwa kwa huyo mtu. Jina silitaji. Banda lake lipo upande wa Mwanakwerekwe, mjini Unguja, na aliyewahi kufika atamjua kwa hili ninalosema sasa: sufuria.

Nilifika baada ya adhuhuri. Jiko la mkaa lipo mlangoni, sufuria juu yake, maji yanatokota, na ndani mna kipande cha ubao ukubwa wa kiganja. Nikadhani anapika. Akacheka. "Nahodha, hii ni plaiwudi ya vyombo. Ipo motoni tangu asubuhi. Ingekuwa ya makabati saa hizi ni uji." Akakitoa kwa koleo, akakipoza kwenye ndoo, akanipa. "Kibandue." Nikajaribu kwa kucha. Nikajaribu kwa kisu changu mwenyewe. Wallahi hakikufunguka hata ncha. Nikatazama ubavuni: matabaka yamelala sawasawa, hamna tundu wala ufa katikati. Na mie nilikuwa najua, maana marehemu baba alinifundisha, kwamba plaiwudi ya bahari siri yake ni gundi, na gundi inapimwa kwa kuchemsha. Sasa mtu anakupimia mbele ya macho yako, utataka nini tena?

Halafu laasiri ikaadhiniwa. Akafunga hesabu pale pale, akanambia, "Biashara itangoja." Tukaswali safu moja. Nasema hivi kwa sababu kuna watu, mnajijua, mmeshaniuliza "ulimwaminije?" Nilimwamini hivyo. Mtu mzima, ndevu nyeupe, anaacha fedha anakwenda kuswali, ananiita "mwanangu". Nilipokataa bei alinipunguzia bila ya kununa.

Mbao tisa nilichukua, za mili tisa, futi nane kwa nne, shilingi laki na elfu arubaini kila moja. Na vanishi makopo manne, ile ya kuchanganya na dawa yake ya kuikausha, elfu sitini na tano kopo. Jumla milioni moja na laki tano na elfu ishirini. Fedha za wageni watatu wa mwezi mzima, na nyengine za mke wangu, ambaye hadi leo hasemi kitu. Angesema ningepumzika.

Mzigo ukaletwa kwetu Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, wakati wa magharibi, giza linaingia, umefungwa kamba na nailoni. Mbao mbili za juu nzuri kama alizonionyesha. Sikufungua. Hapo hapo. Hapo ndipo ningejipiga kofi kama ningeweza kurudi.

Bamvua ilipokuja, maji yanapojaa na kupwa sana, tukakipweleza chombo, tukafanya kazi. Msasa wa 80 kwenye faiba, wa 120 na wa 220 kwenye mbao, vumbi tukafuta kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuzimulia rangi, mkono wa kwanza wa vanishi mwepesi, kisha mikono mingine mitatu, kila mmoja siku yake. Sikubabaisha. Fundi anayesema kazi ilikuwa mbovu aje aione.

Siku ya tano bado inanata. Nikasema ni unyevu, masika hayajakauka vizuri. Siku ya kumi inanata. Julai wageni wakapanda. Mama mmoja wa Kijerumani akaegemea ukuta, akainuka, shati halikuinuka naye. Akacheka yeye. Mie nilitamani bahari inimeze. Siku mbili baadaye kusi limechachamaa, tunakwenda kisiwa cha Mnemba, wimbi moja likaruka likaingia mlangoni. Maji ya ndoo mbili, si zaidi. Kesho yake kuta zimevimba chini kama mguu wa matende, na harufu ya gundi iliyooza.

Nikakata kipande, nikaenda jikoni nikachukua sufuria. Dakika ishirini hazikufika. Ubao ukafunguka tabaka moja moja kama manda za sambusa, na katikati mna mapengo ya kupita penseli. Na ile "dawa" ya vanishi niliyobakisha, nikainusa vizuri kwa mara ya kwanza: tina. Anakuuzia tina kwa bei ya dawa, ndo maana haikauki mpaka kiama.

Nilirudi bandani. Sufuria lipo, linatokota, na kijana mwengine anapewa kisu. Mzee akanambia mbele ya yule kijana kwamba mie nimebadilisha mbao ili nimdhulumu. Mie! Mtu huyu afikishwe kwa sheha wa mtaa, afikishwe polisi, afungiwe banda, na akiulizwa kisa chake achemshwe yeye kwanza tumtazame kama anabanduka. Hasbiyallahu. Fedha za wavuvi na za mayatima zimo mle.

Mnaouliza dalili za utapeli wake: malipo aliniambia nirushe kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mwanamke, nikaona, nikanyamaza. Risiti ni karatasi ya daftari, haina duka wala namba. Makopo ya dawa vifuniko vyake vilikuwa na alama ya bisibisi, yaani yalishafunguliwa. Mbao hazina muhuri wowote, na lile neno "marini" lisikudanganyeni, maana hata ile nyeusi ya kumwagia zege madukani wanaiita marini. Na kipande cha kuchemsha kateni nyinyi, kutoka kwenye ubao wa katikati ya mzigo, si cha kwake. Mengine nimesahau, hasira.

Mbao mbili zimebaki nzima. Anayefuga kuku aje achukue bure.

Jumamosi saa mbili asubuhi narudi kwake pamoja na mabaharia wa Mkokotoni na mtu mmoja wa sheria, shemeji yangu. Anayetaka kuja tukutane Darajani mjini. Sufuria naja nalo mwenyewe.