Tawi la Haki za Raia Wete: Kamati Moja Inalibeba, Nyingine Zinaburuzwa

Tathmini hii inahusu huduma inayotolewa na tawi la jumuiya moja ya kutetea haki za raia mjini Wete, kisiwani Pemba, na hasa kamati zake za watu wanaojitolea, kwa sababu tawi lenyewe halina mwanasheria wa kudumu wala mfanyakazi anayelipwa mshahara, na chochote anachokipata mwananchi anayefika pale anakipata mkononi mwa kamati. Jina la jumuiya nimelihifadhi kwa makusudi. Wajumbe wake ni watu tunaosali nao na kukutana nao sokoni, na baadhi ya niliyoyaona si ya kuwasifu. Nilikuwa nikimsindikiza mama yangu mdogo, mwenye mgogoro wa mikarafuu, na wakati wa kusubiri zamu, ambao haukuwa mfupi, nilipata nafasi ya kuangalia kazi inavyokwenda.

Kamati ya kupokea malalamiko ndiyo ya kutajwa kwanza, kwani ndiyo inayolibeba tawi zima. Siku tuliyofika mara ya mwanzo, aliyekuwa zamu alikuwa mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, na mbele yake palikuwa na daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina la mlalamikaji, shehia anayotoka, anayelalamikiwa, kinachodaiwa, vielelezo vilivyoletwa, hatua iliyochukuliwa, na mwisho kabisa safu ya tarehe ya kurudi. Kila anayeandikwa hupewa kipande cha karatasi chenye namba iliyomo daftarini na tarehe hiyo, na akirudi hahitaji kuanza hadithi upya hata akimkuta mjumbe mwengine, maana yote yaliyosemwa yameshaandikwa. Mtu aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" na afisi tatu tafauti, kila moja ikimtaka aeleze tangu mwanzo, ndiye atakayejua thamani ya karatasi ile.

Mama mdogo alianza kusimulia tangu enzi za babu yake. Mwalimu alimwacha aseme mpaka akapumua, kisha akamuuliza kwa upole, "Bi mkubwa, mikarafuu ni ya kwenu, hilo nimelifahamu. Ardhi iliyo chini yake ni ya nani?" Swali hilo peke yake lilitosha kunionesha kwamba mtu huyu anaijua kazi yake, kwa kuwa Pemba mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine, na nusu ya ugomvi wa mashamba unatokana na watu kuyachanganya mambo hayo mawili. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali iliyachukua mashamba mengi na kuwagawia wananchi eka tatu tatu, na leo hati iliyotolewa kwa jina la mtu mmoja, ambaye aghalabu ameshafariki, inagombaniwa na watoto na wajukuu, huku kila msimu wa karafuu ukizidisha hasira kwa kuwa ndipo fedha inapoonekana. Mwalimu aliandika mambo ya kutafutwa: hati ya eka, cheti cha kifo, orodha ya warithi kutoka Mahakama ya Kadhi, na stakabadhi za karafuu zilizouzwa katika Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ili ijulikane kwa miaka yote hiyo nani alikuwa akichuma na kuuza kwa jina lake. Hilo la stakabadhi halikuwahi kumpitikia mtu yeyote katika ukoo wetu.

Nimelisisitiza daftari kwa sababu watu wengi wanaposikia kutetea haki wanafikiria hotuba na maandamano, ilhali kazi yenyewe sehemu kubwa ni kuandika na kuhifadhi. Nchini Marekani NAACP, jumuiya ya kutetea haki za watu weusi iliyoanzishwa mwaka 1909, imejengwa juu ya matawi yenye kamati za kujitolea za namna hii, za sheria, elimu, makaazi na nyinginezo. Rosa Parks, ambaye dunia inamjua kwa kukataa kumpisha abiria mweupe kiti cha basi mwezi Disemba 1955, alikuwa tayari ametumikia tawi la jumuiya hiyo la mji wa Montgomery, jimboni Alabama, kama katibu tangu mwaka 1943, na mwaka 1944 tawi lilimtuma mji wa Abbeville akachukue maelezo ya Recy Taylor, mwanamke mweusi aliyebakwa na kundi la wanaume weupe. Watu wale hawakuhukumiwa hata siku moja, lakini maelezo yaliandikwa na kesi ikajulikana nchi nzima. Katibu anayejua kusikiliza na kuandika ni nusu ya tawi, na Wete wamebahatika kuwa naye.

Hapa kwetu nako kazi hii ina asili yake. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho marehemu Profesa Haroub Othman alikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 1992, kilisomesha wasaidizi wa sheria Unguja na Pemba, na tangu kupitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya mwaka 2018 huduma hiyo inatambuliwa rasmi. Tawi ninalolizungumzia si la kituo hicho, ingawa baadhi ya wajumbe wake wamepitia mafunzo ya usaidizi wa sheria, na anayefika anapaswa kuelewa kwamba msaidizi wa sheria si wakili: atakuelekeza, atakuandikia barua, atakusindikiza, lakini hatosimama mahakamani kukutetea. Kwa haki ya Mungu, wajumbe wa Wete hulisema jambo hili waziwazi kabla ya mtu hajajipa matumaini yasiyokuwepo.

Kamati ya usuluhishi nimeiona ikifanya kazi vizuri katika mambo ya mipaka na madeni, na vizuri zaidi katika mambo ya talaka. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imempa kadhi uwezo wa kugawa mali iliyochumwa katika ndoa pale mchango wa mtu unapothibitika, na wanawake wawili wa kamati hiyo wamelielewa neno "kuthibitika" kwa undani kuliko wanaume wenzao. Walimshughulikia mama mmoja aliyeachwa baada ya kujenga nyumba pamoja na mumewe, na badala ya kumuuliza alivyotendewa walimuuliza saruji ilinunuliwa duka gani, nani aliwalipa mafundi, kama fedha ilitoka katika mchezo wa upatu wenzake wa upatu wako wapi, na mabati yalipopandishwa nani alishuhudia. Alikuja akilia, akaondoka na orodha ya mashahidi. Kadhi anaweza kuamua vyovyote, lakini bila ya orodha ile asingekuwa na chochote cha kuamulia.

Jambo jengine la kuwasifu ni kwamba wanajua pahala pa kukataa. Alikuja mzee mmoja akitaka kamati imsuluhishe na jirani yake juu ya tendo alilofanyiwa binti yake wa skuli, akiwa ameshawekewa watu wa kumbembeleza yaishe nyumbani. Mwenyekiti alimjibu kwamba udhalilishaji wa mtoto hauna suluhu, kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwamba njia yake ni Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, wanapohudumiwa waliodhalilishwa, tena leo hii kabla ushahidi haujapotea. Mzee alisitasita. Muhali, yaani kuoneana haya, ndiyo maradhi yetu makubwa katika mambo haya, na kesi ngapi zimekufa kwa sababu mshitakiwa ni shemeji wa fulani au alimkopesha baba mtu wakati wa shida! Mjumbe mmoja alinyanyuka akavaa kanzu yake, akamwambia, "Twende, mzee wangu, nitakuwa nawe," wakatoka pamoja.

Ila niulize swali ambalo msomaji pengine ameshajiuliza: mimi nimeyajuaje haya, nami nilikwenda kwa ajili ya mikarafuu? Nimeyajua kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye baraza, na kila linalosemwa mezani linasikika barazani. Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote za tawi hili, na sioni udhuru wake. Watu wanaosubiri hukaa hatua chache kutoka kwa anayehojiwa, mlango uko wazi kwa ajili ya hewa, na mji wa Wete si mkubwa kiasi cha mtu kutojulikana. Mwanamke anayetaka kusema jambo la chumbani kwake, au mzazi mwenye msiba wa aina ile, analazimika kunong'ona mbele ya majirani. Kamati inayotunza daftari kwa uangalifu namna ile, ikalifungia kabatini kila jioni, inakuwaje ikaacha maneno yenyewe yamwagike nje?

Suala la udugu limeshughulikiwa kwa busara zaidi. Katika shehia zetu ni shida kumpata mjumbe asiyekuwa na nasaba na upande mmoja wa mgogoro, na utaratibu wao ni kwamba mwenye nasaba anajitaja na kutoka. Nimeuona ukifuatwa: mmoja wa wazee wa usuluhishi alipogundua kwamba mlalamikiwa ni mtoto wa ami yake, alisema hivyo mbele ya watu na akaenda kukaa nje mpaka shauri likamalizika. Hata hivyo, utaratibu huu unategemea uungwana wa mtu binafsi, maana haukuandikwa popote ukutani, na siku atakapokuja mjumbe asiye muungwana hakuna kitakachomtoa.

Kamati ya elimu kwa raia ni habari nyengine. Kazi yake ni kupita shehiani kueleza haki zilizomo katika Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, usajili wa vizazi na vifo, mirathi na mengineyo, lakini kwa niliyoyashuhudia kamati hii huamka pale panapokuwa na mradi wenye posho na kulala mradi unapokwisha. Mkutano nilioudhuria uliitishwa asubuhi ya siku ya kazi, katika msimu wa karafuu, wakati wanawake waliokusudiwa walikuwa mashambani wakichuma au majumbani wakianika. Waliohudhuria walikuwa wazee wa barazani, ambao walisikiliza kwa adabu habari za haki za mama mjamzito. Mtoa mada alisoma karatasi mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili cha gazeti la Serikali, asiinue uso. Kama wangekwenda jioni, baada ya laasiri, wakakaa pale wanapoanika karafuu, wangewapata watu wao wote bila ya spika wala maji ya chupa.

Juu ya kamati ya fedha na wanachama nina machache. Ada hukusanywa, risiti hutolewa, ila hesabu za mwaka hazibandikwi popote, na nilipouliza niliambiwa husomwa katika mkutano mkuu, jibu ambalo ni sahihi lakini halimtoshi mwanachama aliyekuwa safarini siku hiyo.

Lazima pia isemwe kujitolea huku kunawagharimu nini wenyewe. Mjumbe anayetoka Micheweni au Konde hujilipia gari ya abiria kwenda na kurudi, na akimsindikiza mtu Chake Chake kwenye Mahakama Kuu hulipa tena, kwa kuwa mfuko wa nauli huisha mapema. Matokeo yake ni kwamba wanaobaki ni wastaafu wenye pensheni na vijana wasiokuwa na kazi, na vijana hao huondoka mara tu wakipata kibarua Unguja. Ukifika msimu wa karafuu zamu huvurugika kabisa. Tulikuta mlango umefungwa katika tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi yetu, na aliyetupokea siku iliyofuata, kijana mgeni, aliomba radhi lakini hakuwa amejua kwamba daftari lina safu ya tarehe za kurudi anayopaswa kuiangalia kila asubuhi. Bila ya mwalimu, utaratibu mzuri wote ule unayumba, na mwalimu ana umri mkubwa.

Shauri la mama mdogo limefikishwa Mahakama ya Ardhi likiwa na vielelezo vyote, na hilo ni zaidi ya tulichokipata kwengine kote tulikopita. Kwa hiyo mwenye mgogoro wa ardhi, mirathi au mali ya ndoa ninamshauri aende, achukue kila karatasi aliyonayo hata anayodhani haina maana, ahakikishe ametoka na namba yake, na kama ni msimu wa karafuu apige simu kwanza kuuliza nani yuko zamu. Mwenye jambo la siri asianze kulisema mezani. Nyuma ya ukumbi kipo chumba kidogo wanachowekea viti na mabango ya mikutano, na anayeomba asikilizwe humo hukubaliwa bila ya kuulizwa sababu. Ila hawatakwambia kwamba kipo mpaka ukiombe mwenyewe.