Gati lenye matairi au zege tupu?

Chukua boti ya mbao yenye tani 2 pamoja na mizigo, imetoka Ukerewe na sasa inaingia gatini Mwanza kwa mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Momentamu yake ni masi mara kasi: kilo 2,000 mara 1, yaani 2,000. Gati liwe na matairi au lisiwe nayo, momentamu hiyo lazima iishe. Kinachotofautiana ni muda.

Kwenye zege tupu boti husimama ndani ya sentimita 1 hivi, yaani sekunde 0.02. Nguvu ni momentamu inayoisha gawanya kwa muda: gawa 2,000 kwa 0.02 upate nguvu ya wastani ya newtoni 100,000. Hapo ubao unapasuka, misumari inalegea, kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, inachomoka. Abiria aliyesimama naye anaendelea mbele kwa kasi ile ile hadi ajigonge mahali, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi, hasa akiwa na mtoto mgongoni.

Tairi chakavu likibonyea sentimita 20, boti inachukua sekunde 0.4 kusimama. Nguvu inashuka hadi newtoni 5,000, pungufu mara 20. Litazame linapoguswa: linakuwa bapa, linalia likisuguana na ubao, kisha linajaa tena.

Huko kujaa tena ndiko udhaifu wake, kwa sababu huisukuma boti nyuma kidogo. Hata hivyo nachagua tairi bila kusita. Kamba ya mbele tu ifungwe haraka kabla boti haijaachana na gati.