Kuingia L4 na Kutoka: Mkono wa Land Cruiser 79 na Swichi ya Hilux

Wauzaji wa pikapu hupenda kuzungumzia ukubwa wa injini, urefu wa bodi na ulaji wa mafuta, na ni nadra kumkuta anayeeleza jinsi gari linavyoingia kwenye L4, yaani gia nzito ya mwendo wa polepole inayoendesha magurudumu yote manne, sembuse jinsi linavyotoka. Kwa mtu anayepanda milima ya Usambara wakati wa masika, au anayevuka makorongo ya mchanga ya Dodoma, hilo ni jambo la kuulizia mapema, kwa kuwa gari lililoingia L4 likagoma kutoka litamrudisha nyumbani kwa mwendo wa konokono huku matairi yakisagika na difu ikilalamika njia nzima. Tathmini hii inahusu sehemu hiyo moja tu ya magari mawili yanayoonekana sana katika barabara zetu za vumbi: mkono wa transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) wa Land Cruiser 79, ambayo Tanzania tumeizoea kwa jina la mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele, na swichi ya kuzungusha ya Hilux ya kizazi kilichoanza mwaka 2015. Nimeyaendesha yote mawili kikazi, yakiwa na mzigo na yakiwa matupu. Katika kuingia L4, swichi ya Hilux ni bora bila ubishi. Katika kutoka, mkono wa mkonga ndio ninaouamini.

Inafaa kueleza kwanza kinachotokea chini ya sakafu, kwa sababu makosa mengi ya madereva yanaanzia hapo. Magari haya mawili hayana difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Yakiwa kwenye H2, injini inasukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Kwenye H4, transfa inazifunga propela ya mbele na ya nyuma, yaani shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, zizunguke pamoja. Kwenye L4 zinabaki zimefungwa vilevile, ila inaongezeka gia ya kupunguza mwendo kwa takriban mara mbili na nusu, na msukumo unaofika kwenye magurudumu unaongezeka kwa kiasi hichohicho. Mkonga wenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita na sentimita za ujazo 4,164 isiyo na tabo, hautegemei kasi ili kupanda. Ukiutia gia namba moja kwenye L4 na kuondoa mguu kwenye mafuta, unatambaa polepole kuliko mtu anayetembea, na kwenye mteremko wa udongo mwekundu uliolowa, injini yenyewe inalizuia gari bila breki kuguswa. Hapo ndipo L4 inapoonyesha thamani yake kuliko mahali pengine popote, ingawa watu wengi huikumbuka wakati wamekwisha kukwama. Kwenye tope zito, kwa upande mwingine, namba mbili ya L4 mara nyingi hufaa kuliko namba moja, kwa kuwa namba moja huyazungusha magurudumu papo hapo yakachimba shimo la kujizika.

Kuingia L4 kwa mkonga kunaanzia nje ya gari. Matoleo mengi yanayotumika kwetu yana kufuli za habu, yaani vifaa vya kuliunganisha gurudumu na shafti yake, katika magurudumu ya mbele, kila upande na kitufe chake cha mviringo chenye alama mbili, moja ya kuachia na moja ya kufunga, na dereva anapaswa kuvigeuza vyote viwili kwa mkono. Kitufe kikiwa kikavu na safi hugeuka kwa vidole. Kikiwa kimejaa udongo uliokauka, dereva anapiga magoti, anakwangua kwa kijiti au bisibisi, kisha anageuza mpaka mshale ukae sawasawa kwenye alama, maana mshale uliobaki katikati ni sawa na kufuli ambayo haikufungwa. Ni kasoro kubwa, nami sioni sababu ya kuitetea kwa hoja kwamba ndivyo magari ya kazi yalivyo. Dawa yake ni kufunga habu zote mbili mkiwa bado kwenye lami, kabla ya kuingia barabara mbaya, na kuziacha hivyo safari nzima. Kuendesha kwa H2 habu zikiwa zimefungwa hakuharibu kitu. Kunaongeza tu ulaji wa mafuta kidogo na kuizungusha propela ya mbele bila kazi.

Habu zikishafungwa, kinachobaki ni rahisi. Simamisha gari kabisa, kanyaga klachi mpaka mwisho, vuta mkono mdogo ulio kando ya mkono wa gia kutoka H4, upite N (mahali pasipo gia), uingie L4. Meno ya gia yakigongana na mkono ukakwama njiani, usilazimishe. Tia gia namba moja, achia klachi kidogo ili gia za ndani zizunguke, kisha kanyaga tena na ujaribu. Ukiingia sawasawa unasikia mgoto mmoja mzito chini ya kiti, na baada ya hapo huhitaji taa yoyote ya dashibodi kukuthibitishia.

Kuna matumizi mengine ya habu hizi ambayo miongozo haiyapigii debe. Mkono ukiwa L4 na habu zikiwa zimeachiwa, gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake kwa mwendo wa L4, jambo linalofaa sana unapotaka kurudisha trela nyuma taratibu kwenye uwanja mgumu. Lifanyike kwa mguu mwepesi, kwa kuwa ekseli ya nyuma inabeba peke yake msukumo uliokusudiwa kugawanywa kwa ekseli mbili, na dereva anayesahau habu zimeachiwa kisha akakanyaga mafuta kwa hasira ndani ya tope anaweza kurudi na shafti iliyokatika.

Hilux imeondoa usumbufu huo wote. Kushuka kwenye matope hakuna. Swichi ya mviringo ipo karibu na mkono wa dereva, ina H2, H4 na L4, na mota za umeme zinafanya kazi ya kufunga na kuachia, pamoja na kuunganisha difu ya mbele. Ili kwenda L4 unasimamisha gari, unakanyaga klachi, au kama ni gia za otomatiki unakanyaga breki na kuweka N, kisha unaibonyeza swichi ndani na kuizungusha. Kule kubonyeza kumewekwa ili mtu asiifikishe L4 kwa bahati mbaya akitoka H4, na ni wazo zuri. Taa ya dashibodi inapepesa mpaka transfa imalize kazi yake, na kama sharti mojawapo halikutimizwa king'ora kidogo kinalia na transfa haibadiliki. Dereva mgeni, au wa zamu anayekabidhiwa gari asubuhi bila maelezo, ataingia L4 bila kuvunja kitu. Kwa mkonga siwezi kusema hivyo.

Ugumu unaanza tope linapokwisha. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, hivyo propela ya mbele ingetaka kuzunguka zaidi kuliko mwenzake, na transfa iliyozifunga pamoja hairuhusu. Kwenye tope, tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo inaishia hapohapo. Kwenye lami, na hata kwenye changarawe iliyoshindiliwa vizuri, tairi haliachii. Tofauti inageuka msokoto unaobaki ndani ya shafti na kuyabana meno ya gia ambayo yalipaswa kuachana. Usukani unakuwa mzito, gari linasita kwenye kona, na ukijaribu kurudi H4 au H2 hakuna kinachosogea. Hali hiyo haina maana kwamba transfa imeharibika. Rudisha gari nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, au pitisha magurudumu ya upande mmoja kwenye udongo laini kando ya barabara, na msokoto utafunguka.

Hapo ndipo mkono unapoipita swichi. Mkono unaobanwa na msokoto unakuambia wenyewe: unasogea kidogo, unagota, na kiganja kinahisi kabisa kwamba kilicho ndani kimebanwa. Unarudi nyuma, unakanyaga klachi, unauvuta tena, nao unatoka kwa urahisi ambao haukuwapo dakika moja iliyotangulia. Mahali ulipo mkono ndipo zilipo gia. Wapo madereva wanaoupiga teke ukikataa, na fundi mmoja aliwahi kunionyesha uma wa transfa uliopinda kwa sababu hiyo, lakini hilo ni la mtu na siyo la kifaa.

Swichi ya Hilux, kwa upande wake, inazunguka hadi H4 kwa wepesi uleule hata kama ndani ya transfa bado ni L4 tupu. Swichi inaonyesha ulichoomba. Taa ndiyo inayoonyesha ulichopewa. Dereva aliyezoea kuangalia swichi badala ya taa ya dashibodi ataondoka akiamini amekwisha kutoka, huku taa ikipepesa mbele yake. Kibaya zaidi ni kuharakisha. Taa ikiwa bado inapepesa kati ya L4 na H4, transfa inaweza kuwa katikati, haikushika huku wala kule, na hapo gari la otomatiki lililowekwa P (gia ya kuegesha) linaweza kuviringika mlimani kwa sababu P inafunga gia boksi, wakati muunganiko wa gia boksi na magurudumu umekatika. Mkonga una hatari hiyohiyo mkono ukiachwa N, ila kwenye mkonga unaiona kwa macho. Kwa magari yote mawili, breki ya mkono ivutwe kwanza kila unapobadilisha L4 ukiwa kwenye mteremko, na isiachiwe mpaka gari lithibitike limeshika. Ningependa Hilux ingekuwa na maandishi ya wazi yanayomwambia dereva arudi nyuma kidogo. Taa inayopepesa tu inamwachia mtu kukisia.

Kuhusu matunzo, jambo moja linasahauliwa mno. Mwongozo wa Toyota unashauri gari liendeshwe kwenye H4 kwa angalau kilomita 16 kila mwezi ili sehemu za mbele zipate mafuta ya kulainisha, na mimi naongeza kwamba iwe kwenye barabara ya vumbi na siyo lami. Pikapu nyingi zinazosemekana four-wheel yake imekufa zimekaa miezi kwenye H2: kwa mkonga habu zimeganda kwa kutu na grisi iliyokauka, na kwa Hilux mota ya transfa au plagi zake za waya zimeingia maji na vumbi. Habu zilizoganda hufunguliwa na kusafishwa na fundi yeyote mwenye spana na mafuta ya taa. Mota iliyokufa inahitaji mashine ya kusoma kompyuta ya gari na kifaa kipya, navyo havipatikani kila wilaya.

Taasisi yenye madereva wengi wanaobadilishana magari ichukue Hilux, kwa kuwa swichi inakataa makosa ambayo mkono ungeyapokea. Mtu mmoja anayelijua gari lake na anayefanya kazi mbali na gereji kubwa atahudumiwa vizuri zaidi na mkonga, akubali tu kupiga magoti mara mojamoja. Anayenunua lililotumika, liwe lipi kati ya hayo, asikubali kulijaribu kwenye lami mbele ya duka. Alipeleke kwenye uwanja wa udongo laini, aingize L4, azungushe nane mbili za polepole, kisha arudishe H4 na H2 akihesabu muda ambao taa inapepesa au akisikiliza mkono unavyotoka. Muuzaji akianza kueleza kwamba huwa inachelewa kidogo asubuhi, aongezewe swali la lini four-wheel ilitumika mara ya mwisho.