Frigate kwenye duka la vifaa vya ujenzi: uzoefu wangu

Nilipoihama mashine ya zamani ya kurekodia kamera za ulinzi, picha zake zilikuwa safi tu. Usiku unaona mtu, mchana unasoma hadi maandishi ya kwenye mfuko wa saruji. Kilichonishinda ni kutafuta. Ndiyo maana nikiandika kuhusu Frigate, programu ya kurekodi kamera za ulinzi na kutambua kilichomo kwenye video, ambayo nimeitumia hapa dukani na yadini kwetu Morogoro kwa zaidi ya mwaka sasa, nitakaa sana kwenye suala hilo na mengine nitayapitia juu juu.

Watu wengi wakisikia kamera wanawaza majambazi. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi kazi ya kila siku ya kamera ni kumaliza ubishi. Semi imeshusha tani 30, dereva ana karatasi ya mifuko 600, kijana wa stoo anasema amepokea 594. Mteja amepiga simu kwamba nondo zilizofika saiti ni pungufu, naye aliyepakia kwenye kirikuu anaapa alihesabu mara mbili. Ukweli upo, umelala kwenye dakika chache mahali fulani ndani ya saa 24 za kila kamera, na dereva yuko mlangoni ameshika funguo anataka kuondoka.

Mashine ya zamani (kampuni siitaji) ilikuwa inatunza alama ya kila kilichotikisika. Turubai la kufunikia saruji likipepea, alama. Taa ya bodaboda ikipiga ukutani, alama. Buibui akitanda mbele ya lenzi, basi usiku kucha taa ya infraredi inamulika utando na simu inalia hadi asubuhi. Mwisho arifa zote nikazizima. Na ukishaipata ile video uliyoitafuta, ukitaka kumpa mtu inatoka kwenye fomati ambayo haifunguki bila programu yao wenyewe, tena kwenye Windows tu.

Frigate ni programu huria yenye leseni ya MIT (inayoruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha bure), iliyoanzishwa na Blake Blackshear. Haiji na kamera wala boksi. Unaiweka kwenye kompyuta yako, nayo inavuta video kutoka kwenye kamera yoyote inayotoa mtiririko wa RTSP (njia ya kawaida ya kamera kutuma video kwenye mtandao), na kamera nyingi za IP, yaani za mtandao, zilizoko madukani zinautoa. Zile kamera zangu nane sikubadilisha hata moja. Kompyuta ni ile ndogo ya ofisini, ya mtumba, ya Intel kizazi cha nane, inayokula umeme kidogo kiasi kwamba UPS ya kawaida inaibeba pamoja na swichi na ruta umeme ukikatika. Kabla ya hapo niliangalia pia programu nyingine za kurekodi kamera: Milestone XProtect, ambayo ina toleo la bure la kamera nane, na Blue Iris, ambayo mafundi wengi wanaisifu. Zote zinataka Windows, nami sikutaka mashine itakayojizima saa nane usiku kwa sababu ya masasisho.

Ufungaji ndio sehemu ambayo wengi watakata tamaa. Inakaa ndani ya Docker, mfumo wa kuendesha programu zikiwa zimefungashwa peke yake, na mipangilio ya msingi unaiandika kwenye faili la YAML, faili la maandishi ambalo nafasi za mwanzo wa mistari zina maana. Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta, alikaa nami jioni nzima. "Mjomba, hapa nafasi ikizidi hata moja haiwaki," aliniambia, na ni kweli, haiwaki. Ukishavuka hapo, mengi yanafanyika kwa kipanya kwenye kivinjari, lakini mtu asiyependa kugusa faili la maandishi namwambia mapema atafute fundi.

Sasa kutafuta. Namna inavyofanya kazi ni hivi: kwanza inaangalia kama kuna mwendo kwenye picha, kazi ambayo haiichoshi kompyuta. Ikiuona, inakata kipande kile tu cha picha na kukipeleka kwa modeli iliyofundishwa kutambua vitu: mtu, gari, baiskeli, pikipiki, mbwa, na kadhalika. Inatumia mtiririko mdogo wa kamera (wenye picha ya ubora wa chini) kwa ajili ya kutambua, fremu 5 kwa sekunde zinatosha, huku mtiririko mkubwa ukirekodiwa kama ulivyo bila kusindikwa upya. Kwenye mashine yangu, nikitumia OpenVINO, programu ya Intel ya kuendesha modeli za aina hii, utambuzi wa picha moja unachukua milisekunde 15 hadi 25. Kamera nane zinapita bila msongamano.

Matokeo yake turubai likipepea, hakuna kitu. Buibui, hakuna kitu. Gari lililoegeshwa linatambuliwa mara moja kisha linahesabiwa kuwa limetulia, halikusumbui tena mpaka liondoke. Asubuhi nafungua ukurasa wa mapitio na kukuta usiku mzima umekunjwa kuwa vipande vichache: mlinzi akizunguka, mbwa wa jirani akipita chini ya geti, pikipiki iliyogeuzia mbele ya duka. Arifa za muhimu zina sehemu yake, na matukio ya kawaida yana ya kwao. Nachuja kwa kamera, kwa siku, kwa aina ya kitu. Ule ubishi wa mifuko sita tuliumaliza dereva akiwa bado anakunywa chai: nilichagua kamera ya yadi, nikachagua mtu, nikafika kwenye kipande ambacho wabebaji wanashusha, tukahesabu mbele ya wote. (Mifuko ilikuwa imebaki kwenye semi, nyuma ya spea tairi. Hakuna aliyeiba.)

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kanda. Unachora mipaka juu ya picha ya kamera yenyewe, unaipa jina, halafu unaamuru arifa zije pale tu mtu anapoingia humo. Ufundi wake uko kwenye namna ya kuamua nani yumo: inaangalia sehemu ya katikati chini ya kile kisanduku kinachomzunguka mtu, yaani miguu. Kwa hiyo mteja anayepita njiani mbele ya rundo la saruji, ambaye pichani mabega yake yanaliziba rundo, hahesabiwi. Akipiga hatua na kulikanyaga jukwaa la mbao lililobeba rundo, anahesabiwa. Unaweza pia kudai mtu akae kwenye kanda kwa sekunde kadhaa kabla hajahesabiwa. Getini baada ya kufunga nimeweka hivyo, maana wapita njia ni wengi na anayenihusu ni yule anayesimama.

Msichanganye kanda na barakoa za mwendo. Hizo ni za kufunika saa inayoandikwa juu ya picha au matawi ya mwembe, ili visianzishe kazi bure. Mtu akitembea hapo bado anaweza kutambuliwa. Ukizichora kupita kiasi unaipotezea programu uwezo wa kumfuata mtu anayetoka sehemu moja kwenda nyingine.

Kasoro za utambuzi zipo, na nyingine zinachekesha. Modeli ya kawaida haijui bajaji, huku kwangu mara nyingi inaiita gari. Mkokoteni hauonekani kabisa, inamwona anayeusukuma. Na Fuso, hata likiwa limejaa kokoto, linaandikwa gari, kwa sababu waandaaji wenyewe wameamua lori na gari dogo viitwe jina moja, vilikuwa vinachanganywa mno. Jina unaweza kulibadilisha kwenye mipangilio, aina mpya ya kitu huwezi kuiongeza kwa mkono. Kuna huduma yao ya kulipia, Frigate+, dola 50 kwa mwaka, ambayo inakupa modeli iliyofundishwa kwa picha za kamera za ulinzi na unaweza kupeleka picha zako ikaboreshwa zaidi. Sijailipia. Kwa duka letu kujua kwamba "kuna mtu" kunatosha.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhi, pigeni hesabu kabla ya kununua diski. Kamera moja inayotoa megabiti 2 kwa sekunde inajaza takriban GB 21.6 kwa siku. Kamera nane ni kama GB 173. Diski ya TB 4 ingejaa ndani ya siku 23 hivi ukirekodi kila kitu. Frigate inakuruhusu kutenganisha: mimi natunza video yote kwa siku 7, lakini vipande vyenye arifa vinakaa siku 30. Malalamiko ya wateja huwa yanakuja wiki ya pili au ya tatu, saiti zikishafunguliwa na mzigo kuhesabiwa, kwa hiyo hizo siku 30 ndizo zenye thamani. Diski ikikaribia kujaa, ikibaki nafasi ya chini ya saa moja, inafuta yenyewe saa mbili za zamani zaidi. Ukihamisha kipande kwenye sehemu ya kusafirisha, hakifutwi na ratiba hiyo, na kinatoka kama MP4 ya kawaida. Unamtumia mteja kwa WhatsApp, anafungua. Nilivyoteswa na ile fomati ya zamani, kwangu hilo si jambo dogo.

Mzee wetu wa ulinzi wa usiku hapendi skrini iliyogawanywa vyumba nane. Nimemwekea Birdseye, mwonekano wa Frigate unaoonyesha tu kamera zenye kitu kinachoendelea. "Mwanangu, ikibaki na kale kanembo ka ndege najua kumetulia," ananiambia. Akaunti yake ni ya kutazama tu, hawezi kufuta wala kubadilisha kitu. Jambo la kuangalia hapo: kompyuta ina milango ya mtandao (port) ya kuingilia Frigate, na mlango 8971 ndio unaodai jina na nywila, mlango 5000 haudai chochote, umewekwa kwa matumizi ya ndani. Nimemkuta fundi mmoja ameuacha 5000 wazi kwa mteja wake, yeyote aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi ya duka anaangalia kamera.

Kutazama ukiwa mbali si rahisi kama zile programu za simu zinazokuja na kamera, ambazo unaskani tu msimbo. Hapa hakuna seva ya kampuni katikati. Intaneti ya laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya umma, kwa hiyo kufungua mlango kwenye ruta hakusaidii, na hata kungesaidia nisingeshauri. Natumia VPN, njia ya siri ya kuunganisha simu yangu na mtandao wa duka. Walioko Tanzania mkumbuke tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 linalotaka watumiaji wa VPN wajisajili. Tangu toleo la 0.15 arifa zinakuja moja kwa moja kwenye kivinjari cha simu, ila lazima uwe na HTTPS (muunganisho uliosimbwa), na kuiweka hiyo ni jioni nyingine ya mpwa. Faida ni kwamba bando likiisha, duka linaendelea kurekodi na kutambua kama kawaida. Kila kitu kinafanyika ndani ya ile kompyuta.

Toleo la 0.15 lilileta pia kutafuta kwa maelezo, unaandika unachokitafuta badala ya kuchagua aina. Mwongozo unataka angalau GB 8 za RAM na unapendekeza zaidi. Mashine yangu ina nane kamili, nilipoiwasha ikaanza kuvuta pumzi, nikaizima. Toleo la 0.16 likaja na kusoma namba za magari na kutambua sura. Namba za magari ningezipenda sana, lakini kamera zangu zimefungwa juu kuangalia yadi nzima, na namba ya gari kutoka huko ni vidoa vitano sita vya picha. Inataka kamera yake getini, iliyoelekezwa chini, yenye lenzi nyembamba. Sura sijaziwasha na sina mpango. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria kwenye kundi la taarifa nyeti, na mteja aliyekuja kununua misumari hajaniruhusu nimtengenezee faili la uso wake. Kibao cha kusema kuna kamera kipo mlangoni, kikubwa.

Mtu mwenye kamera mbili nyumbani na asiye na wa kumsaidia simshauri, boksi la kawaida litamfaa. Mwenye yadi, shule ndogo, kituo cha mafuta au gereji, akiwa na kijana mmoja anayejua Linux kidogo, aijaribu kwenye kompyuta yoyote ya zamani kabla hajanunua kitu. Kwenye mipangilio ya kamera, weka video ibanwe kwa mfumo wa H.264, maana ule wa H.265 baadhi ya vivinjari vinakataa kuuchezesha. Na toleo jipya likitoka, usisasishe siku hiyo hiyo: kila toleo kubwa huja na orodha ya vitu vilivyobadilishwa kwenye faili la mipangilio, isome yote, tunza nakala ya faili lako la zamani, kisha fanya kazi hiyo Jumapili duka likiwa limefungwa.