Matembezi ya historia Tanga: mwambieni awavushe reli

Kwa shilingi elfu ishirini kwa kichwa, kuna kijana hapa Tanga anakutembeza mjini asubuhi nzima akikusimulia historia. Hana ofisi wala bango. Unampata kwa simu, anakungoja Bustani ya Jamhuri, na saa mliyopatana anakuwa pale. Nimetembea naye pamoja na mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Scotland, na nasema pesa yake ni halali. Ugomvi wangu ni mpangilio: kitu kizuri kuliko vyote alivyonavyo anakiweka mwisho, na usipokidai hukipati.

Mjue pia anayesema ni nani. Mimi ni karani mstaafu wa bidhaa, stesheni. Niliajiriwa shirika la reli likiwa bado la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika 1977. Kwa hiyo mtu akinisimulia Tanga bila reli, huwa mgumu kidogo kuridhika.

Nusu ya kwanza yote ni upande wa bandari. Boma la zamani, ambamo Urithi Tanga wameweka makumbusho, mnara wa saa, nyumba za Wajerumani zenye baraza pana, na kisiwa cha Toten kule majini. Kijana ana picha za zamani alizozichapisha na kuzifunika nailoni. Anakusimamisha pale pale alipokuwa mpiga picha, unalinganisha ukuta kwa ukuta. Hilo nimelipenda sana. Maneno yenyewe ndiyo hayakunishibisha: nani alijenga, mwaka gani, nani akarithi. Aliyebeba mawe hatajwi.

Kisha vita vya Novemba 1914. Hapa kijana anachangamka, mikono inaruka, kwa sababu ana nyuki. Ni kweli nyuki walikuwepo, walitoka mizingani wakawauma watu wa pande zote mbili, na wageni hufurahi wakisikia kwamba Waingereza walifukuzwa na wadudu. Nikamuuliza: "Mwanangu, na treni je?" Maana Waingereza waliteremka Ras Kazone na watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, na aliyewangoja alikuwa na wapatao 1,000 tu. Wengi wa hao 1,000 hawakuwa wamekaa Tanga wakisubiri. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwaleta kwa reli kutoka Moshi, kundi kwa kundi, na mapigano ya mwanzo kabisa yalikuwa kwenye bonde lililochimbwa kupitisha hiyo reli. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakaacha bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Bila treni ya Moshi, nyuki wangewauma wageni waliokwisha kuuteka mji.

Kijana hakubisha wala hakununa. Alisema, "Shikamoo mzee, hiyo naichukua," akaiandika kwenye simu. Watembezaji wengine niliowaona hukusomea kama kanda.

Ratiba yake rasmi inaishia stesheni. Anakuambia ujenzi ulianza 1893, anapiga picha, anaaga. Ingekuwa juu yangu, pale ndipo pa kuanzia kusema. Kwamba kampuni iliyoanza ilifika Muheza tu ikaishiwa, serikali ya Kijerumani ikainunua 1899. Kwamba Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Miaka kumi na minane kwa njia ambayo sisi baadaye tulikuwa tunalala ndani ya treni tukiamkia mwisho wake. Na kwamba hadi 1963, kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipofunguliwa, huwezi kupakia gunia Tanga likafika Dar es Salaam kwa reli.

Aliyeokoa asubuhi hiyo ni mpwa wangu. Anakaa Springburn, kaskazini mwa Glasgow, na tangu tulipokaribia reli alikuwa kimya. Ghafla: "Mjomba, hapa mbona kama kwetu?" Nikadhani jua limempata. Akatueleza. Springburn ilikuwa na karakana nne kubwa za treni: Cowlairs, St Rollox, Hyde Park na Atlas. Mwaka 1903 makampuni matatu ya Glasgow yakaungana kuwa North British Locomotive, makao makuu yakawa Springburn. Vichwa vya treni vilikokotwa barabarani, katikati ya nyumba za watu, mpaka mto Clyde, vikanyanyuliwa na kreni ya Finnieston na kupakiwa melini kwenda India, Afrika Kusini, na huku.

Na huku! Hapo nikamshika mkono. Injini za mvuke za daraja la 29 za Afrika Mashariki, zile zenye majina ya makabila ubavuni, zilitoka kwa kampuni hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nimeziona kwa macho yangu. Sikuwahi kujiuliza watu waliozifunga misumari walikuwa wakirudi nyumbani wapi jioni.

Kampuni ilianguka 1962. Baadaye nyumba za mawe za wafanyakazi zikabomolewa, barabara ya mwendo kasi ikapasuliwa katikati ya mtaa, na bustani ya vioo ya mwaka 1900 iliyoko kwenye uwanja wao imebaki mbavu za chuma. Mpwa anasema mwenyeji akikutembeza Springburn, muda mwingi anakuonyesha mahali ambapo hapana kitu: hapa palikuwa, pale palikuwa. St Rollox, karakana ya mwisho kati ya zile nne, ilifungwa 2019, mwaka ule ule treni ya mizigo iliporudi kati ya Tanga na Moshi baada ya kulala miaka mingi. Hiyo ya pili ndiyo habari niliyomrudishia, maana sikutaka aondoke na huzuni.

Baada ya hayo ilikuwa aibu kuagana. Tukamwomba kijana atuvushe reli, na kule Ngamiani, mtaa wa ng'ambo ya reli, akawa mtu mwingine kabisa. Huku kazaliwa. Mitaa inahesabiwa kwa namba, na kila barabara ana mtu wake. Alituonyesha walikokuwa wakifikia manamba waliokuja kukata mkonge, na akaunganisha na muziki kwa namna ambayo hata mimi sikuwa nimeiwaza: Jamhuri Jazz, bendi iliyotikisa mji huu, ilianza ikiitwa Young Nyamwezi. Wanyamwezi, Tanga! Waliletwa na mkonge na reli. Kutoka hapo akaingia Atomic Jazz, akaingia taarabu ya Black Star na Lucky Star na sauti ya Shakila, na mzee mmoja kijiweni akamkatiza kumsahihisha ukumbi ulikuwa barabara ipi, mwingine akamsahihisha yule. Tulikaa pale kuliko mahali pengine popote, na mpwa wangu, ambaye Kiswahili chake kimeanza kuingia baridi, alicheka mpaka akakaa chini.

Dosari ninazo. Maji hayamo kwenye bei, na kati ya mnara wa saa na stesheni kivuli ni cha kutafuta. Akiona mgeni mmoja tu anachanganya lugha, kijana anahamia Kiingereza chote, sisi wengine tunabaki kutazama majengo. Kubwa zaidi ni lile la kijiweni: wale wazee ndio nusu ya bidhaa anayouza, na aliondoka bila kuwaachia hata ya kahawa na kashata. Nilimwambia pembeni, si mbele ya watu. Alikubali, sijui kama amebadilika.

Mkienda, mwambieni aanzie Ngamiani saa moja asubuhi, ndipo mvuke reli mje upande wa bandari jua likiwa limepanda, penye miti na upepo. Bei ni ile ile, nimemuuliza. Ijumaa msimchukue: saa sita lazima akimbilie msikitini, na wazee wenyewe watakuwa wamemtangulia.