Mombasa hadi London: upite Nairobi au Addis Ababa?

Ukitazama ramani, Addis Ababa inaonekana ndiyo njia ya mkato. Lakini hesabu zinakaribiana mno. Kupitia Nairobi ni takriban kilomita 425, kisha 6,840 hadi Heathrow, uwanja wa ndege wa London. Kupitia Addis Ababa ni kama 1,450, kisha 5,900. Tofauti ni kilomita mia moja hivi. Kwa ndege hizo ni dakika chache tu.

Kinachokula muda ni kungoja. Hewani utakaa saa kumi hivi kwa njia zote mbili, ila ukisubiri uwanjani saa sita, safari imeshageuka ya siku nzima.

Mimi nashauri Nairobi, hasa kwa mwenye wazee au watoto. Ndege za Mombasa kwenda Nairobi ni nyingi kila siku, na hata treni ya SGR ipo: kutoka Miritini, Mombasa, unashuka Syokimau, karibu na JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Addis Ababa ina raha yake: pasipoti unagongewa mhuri hapa hapa Moi, uwanja wa ndege wa Mombasa, nyumbani.

Nauli linganisha tarehe kwa tarehe. Na saa yako irudishe nyuma saa mbili kiangazi cha Uingereza, tatu wakati wa baridi.