Boksi la kufumia na kudarizi: uzoefu wangu msimu mzima wa mvua Kigoma

Nianze na bei, tusipotezeane muda. Boksi nililinunua shilingi 58,000, na usafiri wa mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ukaongeza 6,000. Ndani mna sindano za krosheti zenye mpini wa mpira, kuanzia milimita 2 hadi 6, madonge ya uzi wa rangi rangi, nyuzi za kudarizia, fremu mbili za mwanzi za kubania kitambaa, kalamu ya kuchorea, taa ndogo ya kuvaa shingoni na kitabu cha michoro. Limekaa kwangu tangu mvua zilipoanza na sasa mvua zenyewe zinaelekea ukingoni, kwa hiyo haya si maneno ya siku ya kufungua mzigo, siku ambayo kila kitu kinang'aa.

Kauli yangu fupi ni hii: boksi hili linunue kwa ajili ya vifaa, usilinunue kwa ajili ya uzi. Na kama unaishi huku kwetu ziwani, yako mambo ambayo tangazo halikuambii, maana aliyelipanga boksi hakuwaza mtu anayefuma huku unyevu umejaa chumba kizima.

Kwa wasioijua Kigoma, sisi hatuna vuli na masika kama watu wa Pwani. Mvua ikishaanza Oktoba mwishoni au Novemba, tunakwenda nayo mpaka Aprili, wakati mwingine Mei imeingia. Katikati inaweza kupumzika kidogo, inaweza isipumzike. Asubuhi jua linawaka, saa nane wingu limeshafunika ziwa na ile milima ya upande wa Kongo haionekani tena. Ikianza kupiga mabati huisikii redio wala mtu aliye chumba cha pili. Kushuka sokoni Mwanga kwenye tope lile ni mpaka uwe na shida kweli. Ndiyo maana huu ndio msimu wetu wa vitambaa: makochi, meza, foronya, na mashuka ya kudarizi kwa mwenye harusi mbele yake.

Sindano ndizo zilizoniridhisha kuliko vyote. Ni za alumini, kwa hiyo kutu hazijui, na kwa mvua hizi hilo si jambo dogo. Mpini wa mpira ni mnene kiasi cha kushika bila kukaza vidole. Anayefuma anajua yale maumivu ya chini ya kidole gumba ukishakaa saa mbili tatu. Hapa sikuyaona. Kichwa cha sindano ni laini, hakikwaruzi uzi, na ile ndoano imechongwa kwa kina cha kutosha, uzi hauchomoki njiani.

Kasoro ni vipimo. Sindano ndogo kabisa ni ya milimita 2, na kitambaa cha kochi cha uzi mwembamba hakifumwi kwa milimita 2. Uzi wa pamba wa vitambaa unauzwa kwa namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba: namba 10 ni mnene, namba 20 ni wa kati, namba 40 unataka macho mazuri na subira. Kwa namba 20 mimi hutumia sindano ya 1.25 au 1.5. Ukiutia kwenye sindano ya 2, kitambaa kinatoka na matundu makubwa, kinalegea, na ukikitandika kwenye kochi kinaonekana kama wavu wa dagaa. Kwa hiyo kazi zote nyembamba nimeendelea nazo kwa sindano ya chuma niliyorithi kwa mama, ile nyembamba isiyo na mpini, ambayo nimeichomeka ndani ya ganda la kalamu ya wino ili mkono upate pa kushika. Haina uzuri wowote ila inafanya kazi.

Sasa uzi. Lebo ya kila donge inasema pamba tupu. Wifi yangu, ambaye ni fundi cherehani na haamini lebo, aliushika tu akautupa mezani. "Wifi, hii si pamba. Lete kibiriti." Tukakata kipande cha uzi wa sokoni, ule wa pamba ninaoujua, tukakichoma: kikawaka kwa mwali mdogo, harufu ya karatasi inayoungua, kikabaki kijivu laini kilichopeperuka nilipopuliza. Tukachoma wa kwenye boksi. Ulijikunja, ukatoa moshi mweusi na harufu ya plastiki, ukaacha kishanga cheusi kigumu ambacho hata kucha haikukipasua. Huo ni uzi wa akriliki, ule wa sweta. Fanyeni jaribio hili, halihitaji utaalamu, lakini fanyieni juu ya sahani ya bati na mushike uzi kwa koleo, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka ikigusa ngozi inang'ang'ania.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu, "Dada, zote ni pamba." Nikamtumia picha ya kile kishanga. Mpaka leo kimya.

Kwa nini nalalamika? Kwa sababu kitambaa cha kochi cha Kitanzania lazima kipigwe pasi na kutiwa wanga. Akriliki ukiigusisha pasi ya mkaa yenye moto wa kweli inalainika na kung'aa vibaya, na haitarudi ilivyokuwa. Wanga nao haushiki vizuri, kwa sababu uzi wenyewe haunywi maji. Pamba inakunywa, inakauka ikiwa imesimama, na ile iliyopitishwa kwenye kostiki soda kiwandani huku imevutwa ndiyo yenye mng'ao ule tunaoupenda kwenye vitambaa vyeupe.

Lakini haki yake nayo nimpe. Huo huo uzi usiokunywa maji ndio unaokauka upesi, na msimu ambao nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinaanza kunuka uvundo, hilo ni jambo la kushukuru. Nimefuma nao kofia na kisweta kwa mtoto wa ndugu yangu aliyeko Manyovu. Huko juu milimani baridi ni ya kweli, si kama huku chini ziwani ambako hata mvua ikinyesha mchana kutwa unatosha na kanga mabegani. Kisweta kinafuliwa, kinakamuliwa, kesho kinavaliwa. Basi wangeandika tu kwamba ni uzi wa sweta, tungeelewana.

Nyuzi za kudarizia ziko afadhali. Kila uzi una nyuzi ndogo sita ndani yake kama inavyotakiwa, na zinatenganika bila kufungamana ukivuta mmoja mmoja. Kwa mstari mwembamba natumia mbili, kwa kujaza jani natumia tatu. Kilichokosekana ni namba za rangi. DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1746, kila rangi ina namba yake, kwa hiyo uzi ukikuishia katikati ya ua unatafuta namba ileile. Za kwenye boksi zikiisha zimeisha. Kijani nilichoanzia majani sikukipata tena popote, ikabidi upande wa pili wa foronya niufanye majani makavu, na watu wakasema nimebuni.

Nyekundu muiangalie. Kabla ya kudarizi kitu cheupe huwa nalowesha kipande cha uzi, nakiweka katikati ya kitambaa cheupe na kukikandamiza kwa kijiko. Bluu, njano, kijani na kahawia zote zilipita. Nyekundu ikaacha alama kama ya damu. Nikaiweka kando, nitaitumia kwenye kitambaa cheusi siku nikikipata.

Kalamu ya kuchorea ndiyo iliyonichekesha. Ina ncha mbili. Ncha ya bluu inafutika kwa maji, ya zambarau inajifuta yenyewe kwa hewa. Maelezo yanasema ya zambarau hudumu siku moja au mbili. Huko walikoipima labda. Wino huu unaondolewa na unyevu, na Kigoma ya mvua unyevu ndio hewa yenyewe. Nilichora mchikichi kwenye foronya, shina, makuti na mikungu yake, nikaanza kudarizi kutoka chini. Nilipofika nusu ya shina, makuti yalishaondoka. Nimekwenda kumimina chai, nikarudi, hata mikungu haipo. Tangu hapo natumia ncha ya bluu, au karatasi ya kaboni kama mchoro ni mkubwa. Na hiyo ya bluu ina sharti lake: ifute kwa maji baridi kwanza, pasi baadaye. Ukitanguliza pasi, joto linaufungia mstari ndani ya kitambaa.

Fremu za mwanzi ni nzuri, nyepesi, hazikupinda pamoja na unyevu wote huu. Kitambaa cha poplini kilikuwa kinateleza mwanzoni, nikaiviringishia ile duara ya ndani utepe wa kitambaa cha pamba, kikabana kama ngoma. Parafujo ndiyo mbovu. Imeshaanza kutu, na kutu inahamia kwenye kitambaa cheupe. Doa la kutu linatoka kwa limau na chumvi ukianika juani, sasa hilo jua la Machi ulikamate wapi. Mimi kila nikimaliza kukaa nalegeza fremu na kuitoa kabisa. Ukiiacha usiku kucha kwenye kitambaa chenye unyevu unakuta duara la ukungu ambalo halisikii sabuni. Sindano za kushonea zilizokuja ndani ya boksi nazo ni za chuma hafifu, zilipata madoadoa mapema. Sokoni zipo nzuri zaidi kwa hela ndogo.

Taa ya shingoni nilidhani ni mchezo wa kitoto. Siyo. Umeme ukikatika na wingu limetanda, saa kumi jioni ndani ni giza, na kushona nyeusi juu ya nyeupe kwa mwanga wa simu ni kuumiza macho. Taa hii inashika chaji vizuri na inamulika pale pale penye mikono. Tatizo lake ni la msimu. Mvua ikikatika jioni kumbikumbi wanatoka, na kumbikumbi wanataka taa. Sasa taa iko shingoni kwako. Waliniingia kifuani, kwenye nywele, mbawa zao zikanata kwenye kitambaa kilichotiwa wanga, watoto wakaacha kila kitu wakaja na sufuria kukusanya kitoweo kutoka kwa mama yao.

Kitabu cha michoro kimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi: skafu ndefu, soksi nene, kofia ya kuziba masikio, dada wa watu amesimama kwenye theluji. Hata hivyo usikitupe. Kurasa za nyuma zina michoro ya alama, na hiyo haihitaji lugha. Kiduara kilicholala ni cheni, alama ya msalaba ni shono fupi, herufi T yenye kistari kimoja shingoni ni shono refu ambalo unazungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano, vistari viwili ni kuzungusha mara mbili. Unaanzia katikati unatoka nje. Kwa njia hiyo nimefuma kitambaa cha meza chenye mananasi yanayozunguka pembeni, kwa uzi wangu wa sokoni na sindano ya mama, na kimetoka kizuri kuliko kwenye picha.

Mmoja aliniuliza nakitia wanga wa nini kikasimama vile. Wanga wa muhogo, ila si unga wa ugali, ule uliovundikwa una harufu yake na unafifisha weupe. Kwangua muhogo mbichi, kamua kwenye maji, acha maji yatulie mpaka weupe ushuke chini, mwaga maji ya juu. Huo uliobaki upike uwe uji mwepesi, chuja, chovya kitambaa. Msimu wa mvua usikiache kikauke chenyewe, kitaota ukungu. Kikiwa bado na unyevunyevu kigeuze, weka kanga juu, piga pasi mpaka kikauke.

Mzigo wenyewe ulifika vizuri, wamelifunga boksi kwa plastiki tabaka mbili na maji hayakuingia. Hilo nawapongeza.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za sindano na taa, moja fremu na nyuzi za kudarizi wagawane. Mama mdogo wa Kasulu ameniuliza kama amnunulie binti yake anayeanza kujifunza boksi hilihili. Nimemwambia hapana, amtafutie sindano mbili, ya 1.5 na ya 3, donge la pamba nyeupe namba 10, fremu moja na mita moja ya poplini. Itabaki hela ya nauli ya kuja Kigoma nimfundishe kuanza cheni.